Ndoo Mbili za Nyar Karungu

Mutheu alirudi mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, bila kupiga simu, kama mtu aliyekuwa ametoka tu dukani kununua kiberiti. Mvi zimemwingia, miwani yake imeongezeka unene, na siku hizi wanafunzi wake wa chuo kikuu humwita Profesa. Alisimama langoni akanitazama nilivyokaa kando ya ukuta wa jikoni nikichambua mboga, akasema, "Owuor, kumbe hata kiti hujahama?" Nikamjibu kwamba nilikihama mara moja, kilipovunjika. Kisha, kabla hajauliza kama mama yangu yu hai (yu hai, na masikio yake husikia sufuria ikifunuliwa boma la tatu), kabla hajauliza kama nilioa (nilioa, na mke wangu ametoka ng'ambo ya mto hapo tu, sikutaka kusumbuka na nauli), akauliza, "Wajukuu wa Nyar Karungu wako wapi?" Mtu mwingine angedhani anauliza habari za mwanamke fulani wa heshima. Nyar Karungu alikuwa mbuzi. Lakini kuhusu heshima, sitabisha.

Tulikaa mpaka chai ikapashwa moto mara mbili, na tangu siku ile mwaka mmoja wa ujana wangu umenirudia mzima, pamoja na harufu zake. Habari za ukoo nitaziruka. Nani alimzaa nani kwetu ni hadithi ndefu, na wahusika wengi wako hai na wana midomo. Inatosha kusema kwamba boma letu liko Lambwe, upande ule ambao ukipanda kichuguu unaona uzio wa mbuga ya Ruma, na kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ya D katika bayolojia. Wenzangu walitawanyika mara moja. Kuna waliokwenda Nairobi, kuna walioshuka Karungu kuvua samaki, kuna aliyefika Mombasa akatuma picha amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mimi nilisafiri kutoka simba yangu, yaani nyumba ya kijana ambaye hajaoa, mpaka jikoni kwa mama yangu. Hatua kumi na tisa, nilizihesabu. Rafiki yangu Kefa, aliyekuwa ameanza kazi ya bodaboda, alikuwa akipita asubuhi na kumuuliza Mama wanawake wa boma lile ni wangapi, na Mama, badala ya kunitetea, anamjibu kwamba ni wawili, yeye na Owuor. Mjomba wangu alikuwa na duka la misumari na saruji mjini Migori, na kila mwezi alituma ujumbe niende nikamsaidie kupima misumari. Migori si mbali na kwetu. Lakini mimi nilikuwa nikiiota usiku nikaamka na jasho.

Ndipo naibu wa chifu akamleta Mutheu. Alikuwa msichana Mkamba, mwembamba, mwenye sanduku la bati na viatu vya mpira vilivyomzidi, na alitafuta boma lenye mbuzi wengi ambao mama zao wanajulikana, pamoja na kijana anayejua kusoma na kuandika ambaye hana mazoea ya kutoka nyumbani. Nimeambiwa kwamba aliposema hilo la pili pale barazani, watu walitaja jina langu kwa pamoja kama wanaitikia sala. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi bila kuitafuta, kazi iliyonifuata mpaka mlangoni, na nadhani mpaka leo hakuna ajira iliyowahi kumfaa mtu namna ile.

Mutheu alitaka kujua jambo ambalo kwetu hata watoto walidhani wanalijua. Kila mfugaji wa Lambwe ameona ng'ombe au mbuzi akiacha majani mazuri akaenda kulamba udongo wa bala, ule wenye chumvi na magadi, na ameona mwenzake akipita palepale bila kugeuza shingo. Kwa nini? Malisho ni yaleyale, mto ni uleule. Mutheu alinieleza kwamba ulimini mna kama vijilango vya kuonjea, na kwamba jinsi vilivyojengwa hutoka kwa wazazi, vilevile mtu anavyopewa pua ya mama yake bila kuulizwa. Kuna wanyama wanaoona kalsiamu ni chungu hata ukitia kidogo, na wengine wa jamii hiyohiyo wanaoinywa kama chai ya maziwa. Alitaka kuona kama mbuzi wetu nao wamegawanyika hivyo, na kama mgawanyiko huo unapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea samaki kwenye sahani, akasema, "Sasa serikali imetuma wewe uulize mbuzi anapenda nini. Mimi miaka yote hiyo hakuna mtu ameniuliza."

Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka. Nyar ni binti wa, kwa hiyo mama yangu, aliyetoka Gwassi, ni Nyar Gwassi mpaka kesho. Na kwa kuwa mbuzi wakubwa wa boma walinunuliwa sehemu mbalimbali kama wake, Mama aliwapa heshima ileile. Nyar Karungu alitoka ufukweni Karungu, mweupe, mwenye kiburi cha mtu aliyekula samaki tangu utoto. Kulikuwa na Nyar Mbita aliyeogopa kuku. Kulikuwa pia na Nyar Isebania, kutoka mpakani na Tanzania, ambaye Kefa alidai analia kwa Kikuria, lakini huyo alishakufa Mutheu alipofika. Watoto wao ndio walipewa majina ya ovyo, na mtoaji majina nilikuwa mimi: Sabuni, kwa sababu alikula kipande cha sabuni; Bahati; na kaka yake Bahati, Rais, ambaye hakufanya kazi yoyote na alikula wa kwanza.

Mutheu alibandika karatasi ya manila kwenye ukuta wa simba yangu, kutoka kona ya kitanda mpaka dirishani, akachora juu yake ukoo mzima wa mbuzi kwa kalamu nyekundu na buluu. Nililala chini ya ule ukoo mwaka mzima. Asubuhi, kabla ya malisho, kila mbuzi aliingizwa kwenye kizimba chake na kuwekewa ndoo mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yaliyotiwa madini ya wiki hiyo: wiki ya chumvi, wiki ya kalsiamu, wiki ya magnesi, kisha tunarudi mwanzo. Baada ya muda nilipima kwa jagi kilichobaki, nikaandika. Kila siku tulibadilisha pande, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kwa sababu mbuzi akishazoea kunywea kushoto atanywea kushoto hata ukimwekea mafuta ya taa. Mutheu aliponieleza hilo, Mama alikuwa anapita na kuni, akasema kumbe hiyo ndiyo shida yangu.

Safari moja tu ndiyo niliyofanya mwaka ule. Madini yalikwisha, mzigo mpya ukaletwa kwenye ofisi ya vifurushi Homa Bay, na Mutheu alikuwa na malaria. Mama aliniombea kwanza, mkono kichwani, sala ndefu kama ya mtu anayevuka bahari. Kefa alinibeba kwenye pikipiki akicheka kila tulipokaribia kona. Nilipokabidhiwa kile kisanduku, kwa kutaka kuhakikisha hawajanidanganya, nilikifungua palepale nje ya ofisi nikaonja kila pakiti, wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, wakinitazama. Chumvi ilikuwa chumvi. Kalsiamu ilikwaruza ulimi kama chaki. Ya magnesi ilikuwa chungu, lakini sikuamini, nikaonja tena, kiganja kizima. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba magnesi ndiyo dawa ambayo hospitali humpa mtu aliyefunga choo. Kutoka Homa Bay hadi kwetu Kefa alinisimamishia pikipiki mara sita, na mara zote sita alizitangaza barazani kwa majina ya mahali. Mutheu, na homa yake, alicheka mpaka akatoa jasho akapona. Hivyo ndivyo anavyosema yeye.

Mwishoni mwa mwezi wa nane akaja dada yangu Akoth. Alikuwa ameolewa Karungu, mume wake yuko visiwani anavua, na mimba yake ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi cha kuwekea kikombe juu. Angekaa nasi wiki chache kisha arudi kwake, maana kwa desturi yetu mke hazalii kwao. Alikuja na mfuko wa odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hununua sokoni, na alikuwa akiyatafuna kutwa, kru, kru, kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Nilimpeleka vizimbani akamwona Nyar Karungu akimaliza ndoo ya kalsiamu mpaka kulamba mshikio. Akasema, "Huyu ni mwenzangu." Kuanzia hapo alikaa karibu naye kila asubuhi, mmoja akitafuna, mwingine akinywa. Mama alimwona, akatikisa kichwa. "Mimi mimba zangu zote sikutafuna mawe," akasema. "Sijui hii ulimi umetoa wapi." Kisha akageuka ghafla, akaenda kufunua sufuria ambayo haikuwa motoni.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kufikia mwezi wa tisa karatasi ya Mutheu ilikuwa inampendeza. Watoto wa Nyar Mbita waligawanyika kama alivyotarajia. Watoto wa Nyar Karungu walimaliza ndoo ya kalsiamu kama mama yao, wote isipokuwa wawili. Bahati na Rais waliinusa, wakapiga chafya, wakaenda kwenye maji matupu. Kila mara, na kila upande tulioiweka. Mutheu alipima unga upya. Alibadilisha ndoo. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, akaniuliza polepole kama kuna asubuhi nilizolala nikaandika namba za kichwani. Niliapa, na kwa kuwa kweli nilikuwa nimeamka kila siku, niliumia kama mtakatifu. Msimamizi wake alikuwa anakuja kutoka Nairobi Jumatatu. Mutheu alituambia kwamba itabidi aondoe familia yote ya Nyar Karungu kwenye hesabu, kwa sababu hawezi kuieleza, na mbuzi watakaobaki hawatoshi kitu. Kazi ingefungwa. Yeye angerudi chuoni kuanza upya kama wangemruhusu. Mimi ningekwenda Migori kupima misumari.

Lakini mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Bahati na Rais hawakuzaliwa na Nyar Karungu. Walizaliwa na Nyar Isebania, naye akafa wakiwa na siku tatu, na Mama akawapaka maziwa ya Nyar Karungu mgongoni ili awakubali, naye akawakubali, akawalamba, akawanyonyesha pamoja na wake. Mutheu alipokuwa akijaza daftari la ukoo, aliuliza mama ya kila mmoja, Mama akajibu, mimi nikaandika. Alipofika kwa hao wawili, Mama alisema wazi, "Hii watoto ni ya Nyar Karungu." Kalamu yangu ilisita kidogo, nikaandika hivyohivyo. Sikufikiri ni uongo. Nitasema zaidi: mpaka leo sidhani ni uongo. Kwetu mtoto akishalelewa mahali, amezaliwa hapo, na mtu mwenye adabu hamnyooshei kidole kusema huyu alitoka kwa marehemu fulani. Nilijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda jikoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba daftari la Mutheu lilikuwa linauliza swali lingine kabisa.

Na hapa naona haya, kwa sababu niliahidi kuruka habari za ukoo. Akoth hakuzaliwa na mama yangu. Mama yake alikuwa mke mwenza, naye alifariki Akoth akiwa hajaanza kutambaa, na Mama akamchukua mgongoni. Mimi nilijua. Akoth alijua. Kefa alijua, na Kefa hajui mambo mengi. Lakini katika boma letu neno hilo halikuwahi kutamkwa hata mara moja, wala jina la yule marehemu, na Mama ndiye aliyelifungia. Kwa hiyo mtaelewa kwamba kumwomba Mama aseme mbele ya wageni kwamba Bahati na Rais wana mama mwingine hakukuwa kumwomba habari za mbuzi.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, tunakula ndani kwa Mama, nyumba ya kuta za udongo laini na kalenda nne za miaka iliyopita. Ugali, omena, na mboga ya osuga iliyopikwa kwa magadi mpaka ikawa nyororo. Mutheu hakuwa anakula. Alikuwa anabonyeza tonge lake likawa bapa. Nilimtazama, nikaiona misumari ya mjomba ikiwa imepangwa kwa ukubwa. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba kuna kitu nimekosea kwenye daftari, kuhusu Bahati na Rais, na kwamba Mama ndiye anayeweza kulisema vizuri.

Mama hakuinua macho. "Hii watoto ni ya Nyar Karungu," akasema. "Nani alinyonyesha? Nani alilamba? Unataka kuandika nini ingine?"

Mutheu aliweka tonge chini. Nadhani alielewa mara moja kwamba amepata alichotafuta na kwamba hakuwa na ruhusa ya kukichukua. Nilisikia mbuzi nje. Halafu nikasikia kitu kingine. Akoth, aliyekaa kwenye mkeka miguu imenyooshwa, alikuwa anacheka, taratibu, mkono juu ya tumbo.

"Mama, sema tu," akasema. "Mbuzi hawatalia."

Mama alimgeukia. Hakuwa amemtazama hivyo siku nyingi; alimtazama kama mtu anayetafuta jeraha.

"Mimi najua tangu darasa la tatu," Akoth akasema. "Watoto wa shule waliniambia. Nikarudi nyumbani nikakuta umenipikia viazi. Nikaona, sasa nitaenda wapi?"

Mama alipangusa mkono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Kisha akamwambia Mutheu, kwa Kiswahili cha kwenda kwa chifu, kwamba wale watoto walizaliwa na Nyar Isebania, kwamba alikufa wakati wa mvua ndefu ya mwaka uliopita, kwamba alikuwa mbuzi mzuri. Mutheu alikimbilia simba yangu akarudi na ile karatasi ya manila, akaitandaza sakafuni katikati ya sahani. Sabuni, yule mla sabuni, alikuwa binti mkubwa wa Nyar Isebania, mwenye zaidi ya miaka minne, naye ndoo ya kalsiamu alikuwa akiinusa na kuiacha mwaka mzima. Mutheu aliweka kidole kwa Sabuni, kingine kwa Bahati na Rais, akaanza kuongea peke yake kwa Kikamba. Walinyonya maziwa ya Nyar Karungu, akasema alipotukumbuka. Walilala ubavuni mwake, walimwona akinywa kila siku. Na ulimi bado umebaki wa mama yao.

"Kwa hivyo Nyar Karungu unamfuta," Mama akasema.

"Simfuti, Mama. Yeye ndiye anafanya hawa wawe na maana. Wengine wote walilelewa na waliowazaa, siwezi kutenganisha maziwa na damu." Akachora mistari miwili kutoka kwa kila mmoja wa wale wawili, mmoja mwekundu kwenda kwa aliyezaa, mmoja wa buluu kwenda kwa aliyelea, na daftari nalo akalipigia safu mbili. Mama alivaa miwani yake akaikagua kazi hiyo kwa muda, akaagiza mstari wa buluu ukolezwe, mtu asije akasema haukuonekana.

Niseme mapema, msinihurumie bure: kazi haikufungwa. Msimamizi alikuja Jumatatu, akakaa mbele ya ile karatasi nusu saa, akasema mbuzi wawili hawathibitishi jambo lakini wanatosha kuuliza swali. Mutheu akaanza kubadilishanisha watoto wapya kati ya mama na mama, mimi nikiwapaka maziwa mgongoni, na mjomba akapata kijana mwingine wa misumari. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Mchana ule wa Jumamosi tulikuwa bado tumekaa kuizunguka karatasi, omena zimepoa, wakati Akoth alipouliza, bila kumtazama mtu, "Na yeye, alikuwa anapenda nini?"

Hatukuuliza ni nani. Mama alivua miwani. Nilidhani atakwenda kufunua sufuria, lakini alikaa, na habari ilipoanza kutoka, ilitoka kama kitu alichokuwa amekishika mdomoni miaka ishirini. Alimtaja kwa jina lake. Alisema mwenzake alikuwa anakula odowa hata asipokuwa na mimba, anaficha kwenye leso, wakienda shamba anamlimia Mama mstari mmoja ili asiitoe siri. Alikuwa akila kichwa cha samaki na macho yake. Alikuwa akicheka kanisani. Alikuwa na wimbo mmoja tu, na hakuujua vizuri. Na maziwa, Mama akasema, alikuwa anapenda maziwa iliyolala mpaka imekasirika, ile ambayo sisi wengine tunakimbia harufu; anamaliza kibuyu peke yake, anapangusa mdomo, anauliza kama iko ingine.

"Nipe hiyo," Akoth akasema.

Kilikuwako kibuyu changu cha maziwa ya siku nyingi nyuma ya mlango, maana mimi nakula kila kitu. Mama alikileta mwenyewe, uso ameugeuza pembeni. Akoth alikishika kwa mikono miwili, akafumba macho kama anayepokea sakramenti, akanywa funda moja kubwa. Tukasubiri. Mutheu alikuwa ameshika kalamu. Uso wa Akoth ulikunjamana kuanzia kidevuni kupanda juu, akakimbia na lile tumbo mpaka mlangoni, akatema nje, kuku wakatawanyika, akabaki ameshika mwimo wa mlango akikohoa na kucheka na kufuta machozi. Mama alimfuata, akampigapiga mgongo kwa kiganja, na sijawahi kumwona ameridhika namna ile.

"Hiyo," akasema, "hiyo umetoa kwangu."